Gari la hadhi lililotumika kwa safari ndefu za biashara: mambo ya kuangalia kabla hujalipa

Mfanyabiashara wa mazao anayeishi Iringa na kuuza Dar es Salaam hahitaji gari la kubeba mzigo. Magunia yanapanda Fuso. Yeye anatangulia kukutana na wanunuzi, kusaini makubaliano na kufuatilia malipo. Anataka gari la kumfikisha akiwa hajachoka, lenye heshima mbele ya wateja, na lisilomlaza porini Mikumi.

Akifika yadi ataonyeshwa Toyota Crown, Mark X, Brevis na Premio. Yote yametoka Japani, yote yametumika, na yote yamepigwa polishi yakang'aa. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuchagua kati yake, hasa kwa mtu ambaye gari lake litakuwa barabarani kila wiki.

Piga hesabu ya mwendo kwanza

Wengi huanza kwa kuuliza bei. Sisi tunashauri uanze na kilometa utakazokwenda kwa mwezi.

Iringa hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 500. Safari nne za kwenda na kurudi ni kilometa 4,000 kwa mwezi. Tuchukue mfano wa gari linalokwenda kilometa 8 kwa lita, na jingine linalokwenda kilometa 12.5 kwa lita. La kwanza litakunywa lita 500 kwa mwezi, la pili lita 320. Tofauti ni lita 180. Tukikadiria lita moja kwa shilingi 3,000, hizo ni shilingi 540,000 kwa mwezi, na kwa mwaka shilingi 6,480,000. Unaweza kuirudia hesabu hii kwa bei kikomo ambayo EWURA hutangaza kila mwezi.

Kwa anayetembea kilometa 800 tu kwa mwezi, tofauti hiyo hiyo ni lita 36. Huyo anaweza kununua Crown ya injini kubwa na asiumie sana. Wa kilometa 4,000 akinunua gari hilo hilo kwa sababu limeuzwa rahisi, punguzo alilopata dukani litaishia sheli, na mtaji wa msimu ujao utaanza kuliwa kidogo kidogo.

Ijue injini kupitia namba ya chesisi

Magari mawili ya jina moja yanaweza kuwa na injini tofauti kabisa. Namba ya chesisi, ambayo imeandikwa pia kwenye kadi ya gari, itakuambia. Premio ya zamani inayoanza na NZT240 ina injini ya 1.5, ZZT240 ni 1.8, na AZT240 ni 2.0. Crown ya GRS180 ni 2.5, na GRS182 ni 3.0. Mark X ya GRX120 ni 2.5, na GRX121 ni 3.0.

Angalia pia jina la injini yenyewe. Zinazoishia na FSE, ambazo mafundi wengi huziita D4, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Ni injini zenye nguvu na zinatulia barabarani, lakini pampu na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu, na vali zake huweza kujaa masizi kwa sababu petroli haipiti kuzisafisha. Crown na Mark X tulizozitaja zina injini za aina hii, na Premio ya 2.0 pia. Kama njia zako zinakulazimisha wakati mwingine kujaza petroli ya madumu, lifikirie hili mapema. Premio ya 1.5 yenye injini ya 1NZ-FE haina presha hiyo, na spea zake hupatikana hata miji midogo.

Uliza pia kuhusu taimingi. Injini za Crown, Mark X na Premio tulizozitaja hutumia cheni. Brevis hutumia beliti, ambayo kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 100,000. Kama muuzaji hana ushahidi kwamba ilibadilishwa, weka gharama hiyo kwenye hesabu yako ya kununua.

Usidanganyike na dashibodi wala herufi ya namba

Watu hupenda kusema "hili ni namba E, bado jipya." Herufi hiyo inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania. Haionyeshi lilitengenezwa mwaka gani. Gari la mwaka 2005 linaweza kuwa na namba mpya kwa sababu tu lilichelewa kuingia nchini. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

Kilometa za dashibodi nazo hurudishwa nyuma. Wenye magari binafsi Japani wengi huendesha chini ya kilometa 10,000 kwa mwaka, kwa hiyo kilometa chache peke yake si uongo. Linganisha na unavyoona kwa macho. Gari linaloonyesha kilometa 60,000 halipaswi kuwa na pedeli ya breki iliyolika, usukani uliong'aa kwa kushikwa na kiti cha dereva kilichobonyea.

Kama gari limeingia nchini karibuni, omba karatasi ya mnada wa Japani. Huwa ina kilometa na alama ya hali ya gari. Alama 4 au 4.5 ni hali nzuri. R au RA ina maana liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Hakikisha namba ya chesisi kwenye karatasi ni ile ile iliyogongwa kwenye gari.

Kwa safari ndefu, gari la kilometa 140,000 lenye kumbukumbu za sevisi linaweza kuwa salama kuliko la kilometa 70,000 zisizoeleweka.

Nenda na fundi wako asubuhi

Fundi awe wako, asiwe wa dalali. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, kwa sababu matatizo mengi hujificha injini ikishapata moto. Kisha fanya haya:

- Washa swichi kabla ya kuwasha injini. Taa za onyo zote zinapaswa kuwaka, halafu zizime injini ikishawaka. Taa ya injini ambayo haiwaki kabisa huenda imezimwa makusudi.
- Angalia moshi. Wa bluu ni oili inaungua.
- Fungua rejeta ikiwa ya baridi. Maji yenye mafuta juu ni dalili mbaya.
- Inua mazulia. Tope, au kutu kwenye reli za viti, ni dalili kwamba gari liliwahi kuzama.
- Soma tarakimu nne za mwisho za DOT kwenye tairi. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu inaweza kuwa na kashata nzuri na bado ikapasuka kwenye mwendo.
- Liendeshe kwenye lami na kwenye vumbi. Kwenye lami sikiliza gia boksi inavyobadilisha na uone kama usukani unavuta upande. Kwenye vumbi sikiliza bushi na shokapu.
- Lipime kwa kompyuta mwisho, baada ya kuliendesha.

Karatasi kabla ya fedha

Jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Kama si lake, mwenye jina apatikane. Kagua kwa namba ya gari kama kuna deni la faini za barabarani, na uhakiki bima kwenye mfumo wa TIRA. Yote mawili hufanyika kwa simu. Andikeni mkataba mbele ya wakili, lipa kupitia benki, na uhamishe umiliki TRA bila kuchelewa. Kadi inayobaki na jina la mtu mwingine inaweza kukuingiza kwenye deni lake.

Usimalize fedha zote siku ya kununua

Bakiza angalau sehemu ya kumi ya bei. Kabla ya safari ya kwanza badilisha oili ya injini na filta, kagua oili ya gia boksi, breki, betri na tairi. Baada ya hapo, kwa anayebadilisha oili kila kilometa 5,000 na kutembea 4,000 kwa mwezi, sevisi zitakuwa karibu kumi kwa mwaka. Ziandike kwenye daftari pamoja na kilometa. Siku ukitaka kuuza, daftari hilo ndilo litakalokutetea mbele ya mnunuzi.