Ekokadiografia ya mkazo

Ekokadiografia ya mkazo ni kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kinacholinganisha mwendo wa kuta zake wakati wa mapumziko na wakati wa kazi nzito. Mgonjwa hukimbia kwenye mashine, huendesha baiskeli, au hupewa dawa kama dobutamini kupitia mshipa.

Kwa wenye presha kina faida ya pekee: unene wa misuli ya ventrikali ya kushoto huweza kupotosha kipimo cha umeme wa moyo, kikaonyesha ugonjwa usiokuwepo. Ukuta unaolegea chini ya mkazo huashiria mishipa iliyoziba na, kwa miaka ijayo, hatari kubwa zaidi ya mshtuko wa moyo au kifo. Matokeo mazuri huashiria hatari ndogo, lakini dhamana hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita.