Mpiga Picha Katika Ibada: Mwanga, Vifaa na Uchaji

Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani, katika Hati ya Inter Mirifica iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, waliwahimiza waamini kuvitumia vyombo vya mawasiliano ya jamii kwa ustadi na kwa ajili ya wema. Miongoni mwa vyombo hivyo, leo hii hakuna kilichoenea katika parokia na vigango vyetu kama kamera, iwe ile inayoning'inia shingoni au ile iliyomo ndani ya simu. Hakuna Komunyo ya Kwanza, Kipaimara, ndoa, nadhiri za watawa, Upadrisho wala mazishi yasiyo na mpiga picha.

Hata hivyo, mara nyingi tunaambulia hasara mbili kwa pamoja: ibada imevurugwa, na picha zenyewe hazipendezi. Waamini wa benchi za mbele wameutazama mgongo wa mpiga picha badala ya kuitazama altare, na zinapokuja picha, nyuso za wana Kipaimara ni giza tupu. Katika makala hii tunapenda kuonesha kwamba hasara hizo mbili zina chanzo kimoja, nacho ni kutokujua. Anayeufahamu mwanga, chombo chake na mpangilio wa ibada hahitaji kukimbia huku na kule. Husimama mahali pamoja, hungoja, na hupata picha. Kadiri ustadi wake unavyokua, ndivyo anavyozidi kutoonekana.

Mafundisho ya Kanisa

Waraka wa Eucharisticum Mysterium wa tarehe 25 Mei 1967, katika aya ya 23, unaagiza kwamba maadhimisho ya Liturujia, hasa Misa Takatifu, yasisumbuliwe wala kukatizwa na upigaji picha. Inapokuwepo sababu ya msingi, kazi hiyo ifanyike kwa busara kubwa na kwa kufuata kanuni za Askofu mahalia. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 8 Novemba 2017, alikumbusha kwamba padre huwaalika waamini kuinua mioyo yao, wala si kuinua simu zao. Alieleza masikitiko yake kwamba hata mapadre na maaskofu wamo miongoni mwa wanaoinua simu. Nasi makleri tunapaswa kulisikia neno hilo kabla ya kuwahubiria wengine.

Kutokana na mafundisho hayo tunapata kanuni ya kwanza ya ufundi: parokia iwe na mpiga picha mmoja au wawili walioteuliwa na kufahamika kwa Paroko, na waamini wengine wabaki katika sala wakijua kwamba watapatiwa picha.

Kuufahamu mwanga wa kanisa

Neno fotografia linatokana na lugha ya Kigiriki, nalo maana yake ni kuandika kwa mwanga. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpiga picha ni kuchunguza mwanga unatoka wapi. Afike kanisani siku moja kabla, saa ileile ya ibada, atazame madirisha na milango, na ajue jua litakuwa upande gani.

Kamera hupokea mwanga kwa njia tatu zinazotegemeana. Ya kwanza ni upana wa tundu la lenzi, unaoandikwa kwa namba kama f/1.8 au f/5.6, namba ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga unaingia kwa wingi. Ya pili ni kasi ya shata. Kwa mtu aliyetulia mimbarini, sekunde 1/100 inatosha. Kwa watoto wanaocheza mbele ya maandamano ya vipaji, inafaa 1/250 au zaidi, la sivyo mikono na miguu yao itaonekana kama moshi. Ya tatu ni kiwango cha ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga. Ndani ya kanisa lenye kiza, ISO 1600 hadi 6400 ni jambo la kawaida. Picha itakuwa na chengachenga kidogo, lakini chengachenga husameheka. Sura iliyotikisika haisameheki.

Lipo jambo moja linalozigusa parokia zetu kwa namna ya pekee. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera huichukulia kila picha kana kwamba ina mwanga wa wastani. Kinapokutana na alba nyeupe, shela ya bibi harusi au magauni ya Komunyo ya Kwanza, hudhani kwamba mwanga umezidi, na hivyo huipunguza picha nzima. Matokeo yake kanzu zinakuwa za kijivu, na nyuso zetu nyeusi zinapoteza macho na tabasamu. Hali huwa mbaya zaidi kama nyuma ya altare kuna dirisha kubwa. Tiba yake ni rahisi: mpiga picha apime mwanga usoni, wala si kwenye kanzu, au aongeze kipimo kwa hatua 1. Mwenye simu aguse uso kwenye kioo, ashikilie kidole mpaka kipimo kifungwe, kisha aongeze mwanga kidogo. Mtoto aliyeandaliwa kwa miezi mingi kumpokea Yesu wa Ekaristi anastahili uso wake uonekane.

Nje ya kanisa, jua la mchana katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta husimama utosini na kuchimba vivuli vyeusi chini ya paji la uso. Picha ya pamoja baada ya Misa isipigwe katikati ya uwanja saa 6 mchana. Kundi lipelekwe kwenye kivuli cha mwembe au upande wa kanisa usio na jua, ambako kila uso utapata mwanga sawa. Anayetaka mwanga laini wa kupiga sura ya kanisa lenyewe atangulie asubuhi kabla ya saa 2, au angoje baada ya saa 10 na nusu jioni.

Kuhusu flashi

Wengi hudhani kwamba flashi ni dawa ya giza. Mwanga wake hupungua haraka sana kadiri umbali unavyoongezeka: aliye umbali wa mita 12 hupata sehemu 1 tu kati ya 16 ya mwanga anaoupata aliye umbali wa mita 3. Kwa hiyo flashi inayowashwa katikati ya kanisa haifiki altareni. Huwaangaza waliokaa benchi za karibu na kuwatoa katika sala. Tunashauri izimwe kabisa wakati wa ibada na itumike nje tu, inapohitajika.

Vivyo hivyo, mlio wa shata uzimwe pale kamera inaporuhusu. Hata hivyo mpiga picha atambue kwamba shata ya kimya inaweza kuleta mistari ya giza kwenye picha chini ya taa za umeme. Umeme wetu ni wa Hezi 50, na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde bila macho yetu kutambua. Akitumia kasi ya 1/50 au 1/100, mara nyingi mistari hiyo hutoweka.

Kuchagua vifaa

Kamati za parokia hutuuliza mara kwa mara: tununue kamera gani? Tunajibu kwamba kamera ndiyo ya mwisho kununuliwa. Kwanza parokia impate mtu mwenye moyo wa kujifunza, kisha imtazame anavyotumia alichonacho. Simu ya kawaida, ikifutwa vumbi na jasho kwenye lenzi yake, ikashikwa kwa mikono miwili na viwiko vikabana mbavu, hutoa picha nzuri. Ila isivutwe kwa vidole ili kukaribisha picha. Kufanya hivyo ni kukata picha na kuipunguzia ubora.

Fedha ikipatikana, itangulie lenzi. Kamera nyingi huuzwa pamoja na lenzi ambayo tundu lake ni f/3.5 hadi f/5.6. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu, hupitisha mwanga takriban mara 10 zaidi ya ile iliyo kwenye f/5.6. Kwa kanisa lenye kiza, hiyo ni faida kubwa kuliko kubadili kamera. Baada ya lenzi zifuate betri ya pili na kadi ya pili ya kumbukumbu. Kamera iliyotumika lakini ikatunzwa vizuri si aibu kwa parokia; deni la kamera mpya ndilo aibu.

Kusimama, kungoja na kusali

Mpiga picha afike sakristia nusu saa kabla, azungumze na padre na mshereheshaji, ajue maandamano yanapitia wapi na nani atasoma. Akishaujua mpangilio, atachagua mahali pawili au patatu pembeni, karibu na nguzo au upande wa kwaya. Asisimame kati ya altare na waamini, asipande altareni, wala asipite nyuma ya padre. Kamera ishushwe wakati wa Injili na wakati wa Mageuzo, kwa kuwa naye ni mwamini kabla ya kuwa mpiga picha. Waamini wasipigwe picha vinywa vikiwa wazi wakati wa kukomunika. Sakramenti ya Kitubio haipigwi picha kamwe.

Heshima hiyo iendelee baada ya ibada. Picha za watoto zisisambazwe bila ridhaa ya wazazi au walezi, wala zisiambatane na jina kamili na shule ya mtoto. Wagonjwa na wafiwa waulizwe kwanza. Sheria nazo zinatudai hivyo: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2019. Lakini hata pasipo sheria, upendo ungetosha kutufundisha.

Kukua katika sanaa

Céline, dada wa damu wa Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, aliingia monasteri ya Karmeli ya Lisieux mwaka 1894 akiwa na kamera yake. Ilikuwa ya sahani za kioo, na watawa walilazimika kutulia kwa sekunde kadhaa bila kutikisika. Kwa chombo hicho kizito alituachia sura ya Mtakatifu huyo kabla hajafariki mwaka 1897. Hakusafiri kutafuta mambo ya kupiga picha. Alimpiga aliyemfahamu na kumpenda. Nasi tunakua hivyohivyo. Mpiga picha achague jambo moja, kwa mfano mikono ya wazee wa Jumuiya au katekista akifundisha chini ya mti, alirudie kwa mwaka mzima.

Atazame pia kazi za mabingwa. Katika mchoro wa Caravaggio wa Wito wa Mtakatifu Mathayo, uliochorwa mwaka 1599 hadi 1600 kwa ajili ya kanisa la San Luigi dei Francesi mjini Roma, mwanga unaingia kutoka upande mmoja na kuzitoa nyuso gizani. Mlango wa pembeni wa kanisa la kigango hufanya vivyo hivyo kila asubuhi, kwa yeyote aliye tayari kungoja. Tena baada ya kila ibada achague picha 10 tu, ajiulize kwa nini ni hizo, na amwoneshe mtu atakayemwambia ukweli.

Kuhifadhi kumbukumbu

Parokia nyingi huadhimisha Jubilei zikiwa na picha za waanzilishi wasiojulikana majina, na wazee waliowafahamu wamekwishalala katika Bwana. Picha isiyo na jina hupoteza nusu ya thamani yake. Kila picha iandikwe ni nani, tukio gani, wapi na lini. Zihifadhiwe nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae nje ya ofisi ya parokia. Zile bora zichapishwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na vitabu vya parokia.

Hivyo, wapendwa waamini, tunawaomba mapadre na Halmashauri za Walei wawateue, wawafunde na wawaombee wapiga picha wao. Baada ya miaka 50, mjukuu atakapoiona sura ya bibi yake siku ya Ubatizo, ikiwa angavu na jina likiwa limeandikwa, atatambua kwamba aliyeipiga alisimama kwa uchaji mbele ya fumbo lililokuwa likiadhimishwa.