Pete sita za plastiki: Historia ya kibebeo kilichokosa njia ya kurudi

Tarehe 24 Januari 1935, wakazi wa Richmond, jimbo la Virginia nchini Marekani, walikuta madukani kitu kigeni: bia ndani ya kopo. Kiwanda cha Krueger cha mjini Newark kilikuwa kimekubali kujaribu makopo yaliyotengenezwa na kampuni ya American Can. Lilikuwa kopo zito la chuma, lenye kifuniko bapa kisicho na pa kushika, na mnywaji alilazimika kulitoboa kwa kifungulio chenye ncha. Hata hivyo lilikuja na ahadi iliyowavutia wengi: ukishakunywa, huna cha kurudisha.

Ahadi hiyo ndiyo mzizi wa historia hii. Kabla ya hapo bia na soda zilikaa kwenye chupa, na chupa ilikuwa na mwenyewe. Mnunuzi aliacha pesa kidogo ya dhamana, akaichukua tena siku aliporudisha chupa tupu. Kopo lilikata kamba hiyo, na vibebeo vilivyobuniwa kwa ajili yake vikarithi tabia ileile ya kwenda bila kurudi.

Desturi ya kuuza vinywaji sita kwa pamoja ililitangulia kopo la bia. Mwaka 1923 Coca-Cola ilitoa boksi la karatasi ngumu lenye mpini, ili mteja aondoke na chupa sita kwa mkono mmoja badala ya kunywa moja palepale dukani. Makopo yalipoenea, nayo yaliuzwa sita sita, yakishikwa kwa maboksi ya karatasi au vibanio vya bati. Vilifanya kazi, ila viligharimu malighafi nyingi, na karatasi ililegea ikipata unyevu wa jokofu.

Jibu lilitoka kwenye kampuni ya Illinois Tool Works, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1912 na kujulikana kwa zana na vifaa vya kufungia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mvumbuzi wake Ougljesa Jules Poupitch alibuni kipande chepesi cha plastiki chenye matundu sita, kila tundu dogo kidogo kuliko mzingo wa kopo. Mashine huyavuta matundu hayo yapanuke, huyavisha makopo, kisha huyaachia. Plastiki hujikaza yenyewe chini ya ukingo wa kopo, bila gundi wala msumari. Pete hizo ziliingia sokoni mwaka 1960 chini ya jina la Hi-Cone, na katika miaka iliyofuata zikavifukuza vibanio vya bati na sehemu kubwa ya maboksi. Kwa mwenye kiwanda ilikuwa neema: kibebeo chepesi kama jani, cha bei ndogo, kinachobeba makopo sita yaliyojaa.

Wakati huohuo kopo nalo lilikuwa linabadilika. Januari 1959 kiwanda cha Coors cha Colorado kilianza kuuza bia katika kopo la alumini, kikawalipa wateja senti moja kwa kila kopo lililorudishwa. Mwaka 1963 Ermal Fraze wa Ohio alipata hataza ya kopo linalofunguliwa kwa kuvuta kipete. Kipete hicho kilinyofoka na ulimi wake wa bati, kikatupwa chini, na watu wengi wakakatwa nyayo ufukweni. Mwaka 1975 kampuni ya Reynolds ilileta kipete cha Daniel Cudzik, kinachofungua kopo na kubaki papo hapo. Kwa hiyo kopo lilirekebishwa mara mbili: alumini ililipa bei, na bei hiyo ikamfanya mtu ainame kuliokota, kipete nacho kikaacha kudondoka. Pete za plastiki hazikupata marekebisho ya namna hiyo. Hakuna aliyezinunua zikiwa tupu, kwa hiyo hakuna aliyeziokota.

Zilikoishia kukaanza kuonekana. Mwaka 1986 wajitolea wa Texas walisafisha fukwe na kuandika kila taka waliyoiokota, zoezi ambalo leo hufanyika kila mwaka katika nchi nyingi. Pete za makopo zilikuwamo katika orodha. Ndege waliingiza shingo humo wasiweze kuzitoa, na samaki walikua huku plastiki ikiwabana.

Aliyewafikishia Wamarekani wengi ujumbe huo ni kobe mmoja wa majini, aliyeokotwa Missouri mwaka 1993. Akiwa mdogo alijipenyeza kwenye pete, ikamkaa kiunoni. Gamba likaendelea kukua mbele na nyuma, katikati likashindwa, mpaka likawa na umbo la tarakimu nane. Wakamwita Peanut, yaani karanga, kwa kuwa alifanana na ganda la karanga lenye punje mbili. Pete ilikatwa na kobe akaishi, lakini kiuno hakikunyooka tena. Idara ya uhifadhi ya jimbo hilo imemtumia kwa miaka mingi kufundisha umma, na mtoto yeyote akimtazama anaelewa bila kuhubiriwa.

Serikali ilikuwa imeshachukua hatua. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kutaka pete hizo zitengenezwe kwa plastiki inayovunjika, na mwaka 1994 kanuni za utekelezaji zikatolewa. Viwanda vikatumia plastiki inayodhoofishwa na mwanga wa jua. Ilikuwa hatua ya kweli, ila yenye kikomo. Jua huhitaji wiki kadhaa kuidhoofisha pete, na mnyama aliyenaswa hana wiki za kungoja. Tena plastiki ikivunjika haitoweki. Hugeuka vipande vidogo.

Ndiyo maana wengine waliamua kuiacha kabisa. Mwaka 2016 Saltwater Brewery ya Florida ilionyesha pete zilizotengenezwa kwa machicha ya shayiri na ngano yanayobaki baada ya kutengeneza bia, ambazo zikianguka baharini zinaweza kuliwa. Mwaka 2018 Carlsberg ya Denmark ilianza kuyashikanisha makopo kwa matone ya gundi. Mwaka 2019 wenye Guinness walitangaza kurudi kwenye karatasi ngumu, pale pale safari ilipoanzia.

Wengine walishika njia tofauti: plastiki ibaki, ila isitupwe. Kampuni ya PakTech ya Eugene, Oregon, iliyoanzishwa mwaka 1991, hutengeneza kishikio kigumu kwa plastiki iliyokwisha kutumika, hasa ya madumu ya maziwa. Kishikio hubonyezwa juu ya makopo manne au sita, kikabana ukingo wa kila moja, na hufunika vichwa vyake vumbi lisiingie. Ukikichomoa bado ni kizima na chaweza kubana makopo mengine. Viwanda vidogo kadhaa vya bia Marekani vimeweka sanduku mlangoni ili wateja wavirudishe, vioshwe na kutumika tena.

Hapo ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapolitambua jambo hili, maana tumelelewa nalo. Kreti ya soda yenye vyumba 24 ni plastiki ngumu ya jamii ileile ya kishikio cha Oregon. Hupangwa moja juu ya nyingine hadi karibu na dari, hupanda lori, hushuka, hurudi kiwandani, na mzunguko ukaanza upya. Hatuioni ikielea baharini. Ina dhamana, na muuza duka anajua ni kreti ngapi zimetoka na ngapi hazijarudi. Mali bila daftari huisha bila habari, na kreti imo daftarini.

Nasikitika kuona kreti zikipungua katika maduka mengi ya mijini, na mahali pake kuingia makopo na chupa za plastiki zilizofungwa kwa nailoni nyembamba inayochanwa na kutupwa papo hapo. Tunaipokea ahadi ya Richmond miaka mingi baada ya wenzetu kuanza kuilipia. Pete na kreti zote ni plastiki. Kilichozitofautisha ni makubaliano ya watu watatu: kiwanda, muuzaji na mnywaji. Makubaliano hayo bado yapo kila mahali ambapo mtoto akitumwa soda huulizwa kwanza, "Chupa umekuja nayo?" Swali hilo tulilinde.