Mulago na Lugha ya Mgonjwa: Hospitali ya Kufundishia Inavyoonekana kutoka Kasese

Mgonjwa anayepewa barua ya rufaa katika Hospitali ya Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, hutumwa kwanza Fort Portal, katika hospitali ya rufaa ya mkoa ambayo wenyeji huiita Buhinga. Ugonjwa ukishindikana huko, hupelekwa Mulago, Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 300. Njiani hupita Hima, mji wa kiwanda cha saruji ambako mwandishi wa makala hii alilelewa. Kadiri gari linavyosonga ndivyo lugha inavyobadilika: Kikonzo huachwa nyuma, Kitoro hufuata, kisha Kiganda, na ndani ya wodi Kiingereza cha madaktari.

Historia ya Mulago imezoeleka kuandikwa kama historia ya majengo, maradhi na madaktari mashuhuri. Makala hii inaisoma kama historia ya lugha. Hoja yake ni kwamba huduma za hospitali hiyo zilifaulu zaidi pale ilipokubali kufikiri kwa lugha ya mgonjwa. Kwamba kwa miaka mingi mgonjwa huyo alidhaniwa kuwa mzungumzaji wa Kiganda. Na kwamba Kiswahili, ambacho kingeweza kuwafikia wengi wa mipakani, kilibaki nje ya wodi kwa sababu za kisiasa wala si za kitiba.

Msingi uliwekwa kabla ya Mulago yenyewe. Albert Cook, daktari mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuta nchi inayokaribia kukumbwa na janga la malale. Janga hilo liliwaua watu wengi mno kando ya Ziwa Victoria katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na baadaye liliwafanya wakoloni kuwahamisha wakazi wa kandokando ya Ziwa George, katika Kasese ya leo. Mulago ilianzishwa mwaka 1913 ikiwa kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa, na mwaka 1924 mafunzo ya tiba yakaanza hapo, yakihusishwa na chuo kilichokuwa kimefunguliwa miaka miwili kabla kwenye kilima jirani cha Makerere. La kuzingatiwa ni kwamba Cook na mkewe Katharine hawakungoja wagonjwa wajifunze Kiingereza. Walitayarisha vitabu vya msamiati wa tiba na vya ukunga kwa Kiganda. Mganga wa kikoloni alikubali mapema kuwa bila maneno ya mgonjwa hakuna utambuzi wa ugonjwa.

Kiswahili hakikupata bahati hiyo. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala, Kabaka Daudi Chwa alipinga vikali, na wamisionari wengi walikuwa upande wake. Walihofia kuunganishwa na Kenya ya walowezi, na wamisionari walihofia pia lugha waliyoihusisha na Uislamu. Mjini Kampala uvumi nao ulikuwa na msamiati wake. Watu waliosadikiwa kuwateka raia na kuwanyonya damu waliitwa bazimamoto, neno lililotokana na wazimamoto wa Kiswahili. Mwanaisimu hawezi kulipita neno hilo kimyakimya. Wakati Kiganda kilitoa majina ya uzazi na malezi, Kiswahili kilitoa jina la mtu wa serikali anayechukua damu. Yeyote aliyetaka kukitumia Kiswahili kando ya kitanda cha mgonjwa alipaswa kwanza kuuondoa mzigo huo.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa nguvu ya lugha ya mgonjwa ni unyafuzi, au kwashakoo kama wengi wanavyouita. Jina hilo la pili lilitoka katika lugha ya Kiga ya Ghana kupitia daktari Cicely Williams katika miaka ya 1930, nalo hutaja ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani na mdogo wake. Hapo Mulago, Hugh Trowell na wenzake walihangaika kwa miaka mingi kuubaini ugonjwa huohuo, wakibishana kama chanzo chake ni vimelea, upungufu wa vitamini au upungufu wa protini. Waganda kwa upande wao walikuwa na neno obwosi, lililohusisha hali ya mtoto na mimba mpya ya mama. Maelezo yao ya chanzo hayakulingana na ya maabara, lakini neno lilikuwa limeshaonyesha wakati wa hatari, yaani kuachishwa ziwa.

Ilichukua muda kabla hospitali kulitumia somo hilo. Watoto walitibiwa wodini kwa maziwa, wakarudi nyumbani, na baadhi wakarejea wakiwa katika hali ileile. Mwaka 1965 kilianzishwa kituo cha lishe cha Mwanamugimu, kilichoitwa hivyo kutokana na methali ya Kiganda isemayo kuwa mtoto mwenye siha hutoka katika ngozi, yaani mbeleko, ya mama. Mama alikaa na mwanawe, akapika mwenyewe mchanganyiko wa vyakula vya kwao uitwao kitobero, akamwona mtoto akipona kwa chakula alichokuwa na uwezo wa kukilima. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo huduma bora kuliko zote zilizowahi kubuniwa Mulago. Jina lake halihitaji kufasiriwa kwa mama wa Buganda. Mama wa Kikonzo hulisikia kama jina tu.

Hapa ndipo inapoonekana nafasi iliyopotea. Shule ya tiba ya Makerere iliwafundisha vijana wa Kenya, Tanganyika na Zanzibar kabla Dar es Salaam haijapata shule yake mwaka 1963 na Nairobi mwaka 1967. Jengo la Mulago Mpya lilipofunguliwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru, lilikuwa fahari ya eneo zima. Denis Burkitt, aliyeeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya wa watoto ambao sasa hubeba jina lake, alijua kwamba Mulago haiwezi kujifunza kwa kukaa Kampala. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 wakiuliza habari za uvimbe huo katika hospitali ndogo za mashariki na kusini mwa Afrika. Ramani ya ugonjwa ilitoka pembezoni. Lakini wanafunzi waliozungumza Kiswahili wao kwa wao bwenini walilazimika, wakifika wodini, kutegemea Kiganda walichookoteza au hisani ya muuguzi.

Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo lilikuja wakati walimu wa kigeni wa tiba wakiondoka na dawa zikiadimika, na waliokisema Kiswahili kwa sauti ya juu walikuwa askari. Katika mazingira hayo hakikuweza kuwa lugha ya kuuguza.

Kasese ilikuwa na historia nyingine. Mgodi wa shaba wa Kilembe na reli iliyofika Kasese mwaka 1956 viliwaleta wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Hospitali ya Kilembe, ambayo mafuriko ya Mto Nyamwamba yaliiathiri mwaka 2013 na tena 2020, ilizaliwa katika ulimwengu huo. Tusikitukuze kupita kiasi, hata hivyo: Kiswahili cha mgodini kilikuwa zaidi cha wanaume. Bibi mzee wa milimani alikijua kwa mbali, na hadi leo Kikonzo ndicho kinachomfaa.

Juni 2019 familia iliyovuka kutoka Kongo ilifikisha Ebola Kagando na Bwera. Wagonjwa watatu walithibitishwa, na maambukizi hayakuendelea ndani ya Uganda. Watumishi wa afya walikuwa wamechanjwa mapema, na hilo lilisaidia sana. Lakini ufuatiliaji wa waliogusana na wagonjwa ni kazi ya maswali na majibu: nani alilala chumba kimoja na mgonjwa, nani alimwosha maiti? Mpakani maswali hayo huulizwa kwa Kikonzo, kwa Kinande ambacho ni ndugu yake wa karibu mno, na kwa Kiswahili. Bwera ina utajiri wa lugha ambao hospitali za Kampala hazina.

Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu lugha hiyo. Mjadala uliofuata umehusu shule. Washauri wa sera wanaosoma kumbukumbu hizi wanaombwa waitazame pia wodi. Mwanafunzi wa tiba hutahiniwa namna ya kuchukua maelezo ya mgonjwa. Hakuna sababu ya kitaaluma inayozuia sehemu ya mtihani huo kufanywa kwa Kiswahili. Kwa wasiokijua, hospitali iajiri wakalimani wa Kikonzo, wa Kiacholi na wa lugha nyinginezo. Nimewahi kusimama kando ya kitanda, katika hospitali ambayo haina haja ya kutajwa, nikimfasiria mama wa makamo maswali juu ya mwili wake ambayo asingekubali nimuulize kama tungekuwa Hima. Aliyajibu nusu. Fomu ya ridhaa ilitiwa alama ya kidole gumba, na upasuaji ukafanyika.

Gharama ya hatua ya kwanza ni ndogo: mstari mmoja katika barua ya rufaa, chini ya jina na umri, unaotaja lugha ya mgonjwa, ili Mulago imtafute msemaji wake kabla gari halijafika.