Waranti ya Laptopu: Miaka Huhesabiwa Tangu Lini?

Wazazi wengi huwanunulia wanafunzi laptopu zilizokwisha kutumika, hivyo tumeona tukumbushane kisa hiki.

Mwaka 2015 Apple ilitoa MacBook yenye kibodi nyembamba sana ya mtindo ulioitwa kipepeo. Wateja wakalalamika kuwa vitufe vinakwama, vinarudia herufi au havifanyi kazi kabisa. Waranti ya kawaida ilikuwa ya mwaka 1 tu. Mei 2018 wateja walifungua kesi California, na Juni Apple ikatangaza kuzitengeneza kibodi hizo bure. Lakini mpaka uliwekwa: miaka 4 tangu laptopu ilipouzwa dukani mara ya kwanza. Aliyeinunua kwa mtu hakuanziwa hesabu mpya. Mwaka 2022 Apple ilikubali kulipa dola milioni 50 bila kukiri kosa, na malipo hayo yakawahusu wanunuzi wa majimbo 7 tu ya Marekani.

Basi kabla ya kutoa fedha tuulize mambo mawili: iliuzwa mara ya kwanza lini, na aina hiyo inajulikana kwa kasoro gani? Nasi tukiuza, tusifiche aibu ya bidhaa. Wabillahi tawfiq.