Kabla ya Kupanda Chombo: Maradhi, Bandari na Nani Hushukiwa

Tangu mwaka 2020 upandaji wa meli kubwa za kitalii umebadilika. Zamani abiria alifika bandarini wakati autakao, akapanga foleni, akaonyesha tiketi na hati ya kusafiria, akapanda. Janga la UVIKO-19 lilipoingia, kampuni za meli zilianza kumpangia saa maalumu ya kufika, zikamtaka ajaze taarifa za afya yake kwa simu kabla hajatoka nyumbani, zikadai cheti cha kipimo na baadaye cha chanjo. Hata zoezi la kujiokoa, ambalo zamani lilikusanya maelfu ya watu sitahani kwa wakati mmoja, lilihamishiwa kwenye simu na runinga ya chumbani. Masharti mengi kati ya hayo yamekwisha kuondolewa, lakini saa za miadi, fomu za simu na picha za kutambua nyuso zimebaki. Hofu imepita, utaratibu umedumu.

Chanzo cha hofu hiyo kinajulikana. Mwanzoni mwa Februari 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Zaidi ya 700 kati yao waliambukizwa. Abiria waliamriwa kukaa vyumbani mwao, lakini mabaharia na wahudumu waliendelea kupika na kugawa chakula, wakila pamoja na kulala katika vyumba vya pamoja. Wakati huohuo meli nyingine, Westerdam, ilikataliwa na bandari moja baada ya nyingine mpaka Kambodia ilipoipokea tarehe 13 Februari. Machi mwaka ule Marekani ikazuia safari za meli za kitalii, nazo hazikurejea katika bandari zake mpaka Juni 2021.

Wanafunzi wangu hulisoma jambo hili kama habari ya watalii na matajiri, isiyotuhusu. Mimi naona kinyume. Ninaishi Makurunge, wilaya ya Bagamoyo, katika pwani ambayo kwa karne nzima na zaidi imekuwa ikiulizwa swali lilelile: chombo kinapofika au kinapotaka kung'oa nanga, nani apimwe, nani azuiwe, na gharama ya kuzuiwa alipe nani? Hoja yangu ni kwamba majibu ya swali hilo hayakutolewa na sayansi peke yake. Yalitolewa pia na tabaka, biashara na dola.

Karantini yenyewe ni mtoto wa biashara. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru wageni kutoka sehemu zenye tauni wakae kando siku thelathini kabla ya kuingia. Baadaye siku zikawa arobaini, na neno la Kitaliano la arobaini ndilo lililotupa jina "karantini". Venisi ikatenga kisiwa kizima kwa kazi hiyo mwaka 1423. Miji hiyo haikuwa na nia ya kufunga bandari, kwa kuwa bandari ndiyo iliyokuwa riziki yao. Ilitafuta namna ya kuendelea kufanya biashara bila kufa.

Katika upwa wetu, kisa kinachofundisha kuliko vyote ni kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870. Haukuwa ugonjwa mgeni. Unguja iliupata kabla ya hapo, na Richard Burton aliukuta ukiua watu Kilwa mwanzoni mwa mwaka 1859. Lakini safari hii palikuwa na shahidi makini: daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, ambaye mwaka 1876 alichapisha London kitabu kizima kuhusu magonjwa hayo ya Afrika Mashariki. Christie aliandika kabla ya Robert Koch kumtambua kimelea wa kipindupindu. Hakuwa na maabara ya kumsaidia. Alichokuwa nacho ni habari za wafanyabiashara na wasafiri, naye akazipanga mpaka njia ya ugonjwa ikaonekana.

Njia hiyo iliwashangaza wengi. Kipindupindu hakikushuka kutoka melini. Kwa maelezo ya Christie, kilitoka upande wa Bahari ya Shamu, kikapita nchi kavu hadi Umasaini, kikateremka na misafara mpaka Pangani, na kutoka huko kikaingia majahazini na kuvuka kwenda Unguja mwishoni mwa mwaka 1869. Maelfu walikufa mjini na mashambani. Kisha vyombo vilevile vilivyobeba pembe na nafaka vikaupeleka ugonjwa kusini, Kilwa na visiwani. Bagamoyo nayo haikusalimika. Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyofunguliwa mwaka 1868, ilikumbwa na kipindupindu ikiwa changa, kabla hata kimbunga cha mwaka 1872 hakijaangusha majengo yake.

Tuitafakari jiografia hiyo. Bagamoyo ilikuwa mlango wenye pande mbili. Upande mmoja ilipokea misafara kutoka Tabora na Ujiji, wapagazi kwa maelfu, waliochoka, waliolala kwa msongamano wakingoja ujira au mzigo wa kurudi nao. Upande wa pili yalingoja majahazi. Mlinzi anayetazama bahari tu angeupa mgongo mlango ambao mara ile maradhi yaliutumia. Hata hivyo kwa muda mrefu watawala waliona hatari katika aina moja tu ya chombo, kile cha kigeni kitokacho mbali, na katika aina moja tu ya msafiri, yule maskini aliyelala sitahani.

Upendeleo huo ulipata sura ya kisheria baada ya mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869 na safari kufupishwa. Ulaya ilikuwa imeshatishwa na kipindupindu kilichozuka miongoni mwa mahujaji Makka mwaka 1865. Mikutano ya kimataifa ya afya, iliyoanza Paris mwaka 1851, ikaelekeza macho kwa hujaji. Katika kisiwa cha Kamaran, kwenye Bahari ya Shamu, dola ya Uthmaniya ilijenga kituo miaka ya 1880. Mahujaji waliofika kutoka upande wa Bahari ya Hindi walishushwa huko, wakaogeshwa, nguo zao zikafukizwa dawa, na ada ikatozwa. Abiria wa daraja la kwanza aliyepita Suez kwenda Marseille alipita bahari ileile, lakini yeye alihesabiwa kuwa msafiri, na hujaji akahesabiwa kuwa hatari.

Kwetu, kumbukumbu ya mawe ya zama hizo ni Changuu, kisiwa kidogo mbele ya mji wa Unguja. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa hicho ili pajengwe gereza. Gereza likajengwa, ila halikutumika kama gereza. Ugonjwa ulitangulia kufika kuliko wafungwa. Tauni iliyozuka Bombay mwaka 1896 iliifanya kila meli itokayo India itazamwe kwa shaka, na Changuu ikawa mahali pa kuwatenga abiria waliodhaniwa kubeba maradhi. Watalii wa leo huvuka kwenda kuwatazama kobe wakubwa, ambao wazazi wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na mwenye mashua huwaambia kwamba wanakwenda "Prison". Jina la gereza lisilotumika limeshinda kazi halisi iliyofanyika pale. Pengine wananchi hawakukosea sana. Kwa mtu aliyeshushwa bila kuumwa, akaambiwa angoje siku zake mbele ya mji anaouona kwa macho, tofauti kati ya gereza na karantini ilikuwa ndogo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yalianza kuwekewa kanuni zenye utu zaidi. Leo zipo Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, na Tanzania inafungwa nazo. Nahodha hutoa tamko la afya ya chombo chake: wangapi wanaumwa, wangapi wamefariki, bandari zipi zimepitiwa. Cheti cha usafi wa meli hudumu miezi sita. Bendera ya njano, ambayo zamani ilikuwa alama ya kuogopwa, leo ina maana kwamba chombo ni kizima na kinaomba ruhusa ya kuwasiliana na nchi kavu. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu nawasihi wasome hasa ibara mbili. Ibara ya 32 inaitaka serikali imtendee msafiri kwa heshima ya utu wake. Ibara ya 40 inasema kwamba msafiri asiyekuja kuomba ukazi hatatozwa gharama ya kupimwa wala ya kuwekwa karantini kwa ajili ya kulinda afya ya umma.

Sasa tujitazame. Machi 2020, baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, naye aliingia nchini kwa ndege na si kwa meli, serikali yetu iliagiza wasafiri kutoka nchi zilizoathirika wakae karantini siku 14 kwa gharama zao wenyewe. Hatukuwa peke yetu. Mataifa mengi tajiri yalifanya vivyo hivyo. Lakini gharama ikiwa ya msafiri, mwenye uwezo huchagua hoteli, na asiye na uwezo huchagua njia ya panya. Mwanzoni mwa Mei takwimu zikaacha kutolewa, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Tarehe 18 Mei anga ikafunguliwa. Kwa zaidi ya mwaka nchi yenye ufuo mrefu ikawa haina hesabu ya wazi ambayo afisa wa bandari angeweza kuitumia kuamua lolote. Chanjo ilizinduliwa Julai 2021, na elimu ya umma ikabidi ianze upya kujenga imani.

Hesabu ndiyo kiini cha jambo lote. Fomu ya simu ya meli ya kitalii, ukiivua mapambo, ni orodha ya abiria yenye majibu machache ya ziada. Pasipo orodha ya kweli hakuna kufuatilia aliyekaa karibu na mgonjwa. Sisi tulijifunza thamani ya orodha kwa njia chungu zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ilibeba watu wangapi. Tume ilipomaliza kazi, idadi ilikuwa kubwa mno kuliko uwezo wa chombo na kuliko makadirio ya mwanzo. Mwaka 2018 MV Nyerere ikazama Ziwa Victoria, na mashaka yaleyale yakarudi. Chombo kisichojua kimebeba nani hakiwezi kuwaokoa watu wake na maji, wala na maradhi.

Na hofu ya zamani haijazeeka. Februari 2024 Morisi iliizuia meli ya Norwegian Dawn isitie nanga Port Louis, kwa kuwa baadhi ya abiria walikuwa na maradhi ya tumbo na kipindupindu kilikuwa kikisumbua kusini mwa Afrika. Vipimo vikaonyesha kwamba si kipindupindu, na meli ikaruhusiwa. Serikali iliyokuwa na maabara iliyo tayari ilitatua kwa siku chache jambo ambalo mwaka 1869 lingeachiwa uvumi.

Narudi katika pwani ninayoijua. Kati ya Bagamoyo na Saadani, mahali Ruvu na Wami zinapomwaga maji baharini, kuna vijiji vya wavuvi na mikoko mingi, na vyombo vidogo vinavyovuka kwenda Unguja bila kupita forodhani. Huku bara, ardhi ya Razaba, ambayo jina lake tu ni kumbukumbu ya ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, imekuwa ya mashamba makubwa ya miwa yanayohitaji vibarua kutoka mbali. Bagamoyo ingali mlango wenye pande mbili. Mpango wa bandari mpya, uliotiwa saini mwaka 2013, ukawekewa jiwe la msingi mwaka 2015, ukakwama mwaka 2019 na kufufuliwa tena mwaka 2021, umejadiliwa kwa gati, kina cha maji na masharti ya mwekezaji. Naomba tujadili pia chumba cha kupimia, wodi ya kutengwa na mfuko wa kuigharimia.

Desturi ya kuziita bandari bubu maficho ya wahalifu na kuzifukuza kwa doria haitufikishi mbali. Anayevuka kwa mashua kutoka kijijini mara nyingi ni mchuuzi wa samaki, mgonjwa anayefuata ndugu, au kijana anayekwenda kutafuta kazi ya ujenzi. Akijua kwamba kujiandikisha kutamletea faini, atavuka usiku. Akijua kwamba kutamletea maji safi, dawa na jina lake kutafutwa chombo kikichelewa, atajiandikisha mwenyewe. Afisa afya mmoja mwenye daftari na aaminiwaye na manahodha wa kijiji ana faida kuliko boti ya doria isiyo na mafuta.

Historia inaonyesha kwamba kila janga huacha utaratibu bandarini, na utaratibu huo hubeba tabia ya waliouandika. Ragusa ilitaka biashara iendelee, nayo ikafanikiwa. Wakoloni walitaka kuilinda Ulaya na daraja la kwanza, nao wakaacha Changuu na Kamaran. Kampuni za meli zilitaka abiria warudi haraka, zikaacha fomu na miadi. Katika janga la mwaka 2020 mabaharia wapatao 400,000 walikwama vyomboni bila kuruhusiwa kurudi makwao, kwa kuwa hakuna aliyeandika utaratibu kwa ajili yao. Utaratibu wa Bagamoyo bado haujaandikwa. Wanaopaswa kuketi mezani utakapoandikwa ni pamoja na wavuvi, wapakizi na vibarua, kwa sababu ndio watakaozuiwa kwanza.