Mwembe wa Nane

ILIPOISHIA: Amu amemleta mpimaji aligawe shamba la Babu kabla udongo wa kaburi haujakauka. Shangazi amesimama njiani, panga mkononi. Anasema hakuna kamba itakayovutwa mpaka miembe yenye chale ihesabiwe.

ENDELEA...

"Usiniangalie mimi, baba. Angalia magome," Shangazi alimwambia mpimaji.

Yule kijana alikuwa njiani tangu alfajiri, kutoka Hola mpaka Garsen, na kutoka Garsen mpaka kwetu kwa bodaboda. Kifaa chake cha setilaiti kilikuwa kinalia mkononi, naye hajui amwogope nani: Amu aliyemlipa nauli, au Shangazi mwenye panga.

Wazee wa Gasa, baraza letu Wapokomo, walikwishaketi chini ya mwembe mkubwa wa ngowe. Hakuna aliyemsaidia.

Utaratibu wa Babu kila mtu kijijini aliujua. Alipozaliwa mtoto, alipanda mwembe. Ulipokomaa, aliuchanja chale: wa kwanza moja, wa pili mbili, akaendelea hivyo. Miaka imezivimbisha zile chale, nyingine zinameza kidole kizima. Mwembe wa Shangazi ni ngowe, chale mbili. Wa marehemu baba yangu ni dodo, chale tatu. Wa Amu ni boribo, chale tano, na embe zake amekwisha kuziuza kwa dalali wa Malindi zingali maua.

"Miti si ardhi," Amu alisema. "Mti ni wa aliyeupanda, hilo sibishi. Mimi nasema ardhi. Shamba letu linaanzia mtoni linaishia porini. Mto ndio mpaka, na mto umehama. Basi na mpaka umehama!"

Hapo alikuwa na hoja, nami sikupenda kuikubali. Huku Tana mashamba yetu ni vipande virefu, kila ukoo na kipande chake kutoka ukingoni kwenda bara, na kwa karne nyingi hilo lilitosha. Lakini mto huu haukai kitako. Mafuriko ya 1961 yaliupeleka kwingine, ukatuachia mkondo mkavu nyuma ya shamba. Wakati mwingine ni mkono wa mtu: masultani wa Witu walichimba mfereji wa Belazoni katika karne ya 19 ili waunganishe Tana na Ozi, na maji yalipoizoea njia hiyo mpya, mdomo wa zamani ukasahauliwa. Uandike mto kwenye hati, uone kama utakaa ndani ya karatasi.

Nikatia neno langu, ingawa kwetu mtoto wa kike hatangulii wazee. Kazi yangu ni hotelini Malindi, kuwafungulia wageni chupa za mvinyo zenye jina la ukoo na mwaka wa mavuno. Nikawaambia kwamba Ufaransa, kule Burgundy, kuna shamba la mizabibu liitwalo Clos de Vougeot. Watawa wa Cîteaux walilizungushia ukuta, ni kama hekta 50 tu. Sheria ya Napoleon ya 1804 ikasema watoto wote warithi sawa. Leo lina wenyewe wapatao 80, wengine wana mistari michache tu ya mizabibu.

"Unaona?" Amu alipiga makofi. "Hata Wazungu wanagawana!"

"Kule Bordeaux wengine hawakati shamba, Amu. Wanaunda kampuni, wanagawana hisa, shamba linabaki zima."

"Hisa utakula?"

Wazee wakacheka. Shangazi hakucheka. "Mimi nimerithi sawa na wewe," alisema, "na Katiba ya 2010 iko upande wangu. Ila leo sijaja kudai changu. Mpimaji, umehesabu miembe mingapi?"

"Saba, mama."

"Na Babu alizaa wangapi?"

"Saba!" Amu alijibu kabla ya mtu yeyote. "Basi, tuvute kamba."

Mpimaji akakohoa. Alikuwa amesimama ukingoni mwa mkondo mkavu, mkono umeinuka kuelekea ng'ambo. "Na ule pale? Nao una chale. Nimezihesabu kwa darubini. Nane."

Kimya kikatanda. Ng'ambo ile ni njia ya malka, wanakopitia ng'ombe wa Waorma kwenda kunywa maji. Tangu mapigano yetu nao ya 2012, yaliyoanza Agosti na kuua watu zaidi ya mia moja katika delta hii, hakuna wa kwetu anayevuka bila sababu. Hakuna isipokuwa Shangazi. Kila msimu wa embe alipeleka kikapu huko, nasi tulidhani ni ujirani mwema. Tulidhani mengi kuhusu Shangazi. Ujanani alipelekwa Mombasa miaka miwili kusomea ushonaji, na hakurudi hata na sindano.

"Huo si wetu," Amu alisema, lakini sauti yake ilipungua. "Umejiotea."

"Mwembe uliojiotea hauchanjwi," mzee mmoja wa Gasa alimjibu.

Hapo ndipo tulipomwona. Mzee wa Kiorma, mrefu, fimbo mabegani, alivuka mkondo mkavu polepole. Amu aliinama kuokota jiwe. Mzee wa Gasa akamkanyaga mkono.

"Asalaam aleikum."

Tukaitikia, kila mtu kwa wakati wake.

"Sikuja kudai mti," alisema. "Mimi ni mjumbe tu. Mwenye mwembe huo amefika jana usiku, yuko Garsen. Amesikia kuna kipimo. Kabla hajaja hapa anataka kujua jambo moja."

Hakumtazama mpimaji, wala Gasa, wala Amu. Alimtazama Shangazi.

"Anauliza kama mama yake angali hai."

Amu alianza kusema kitu, akameza. Macho yote yakageuka. Shangazi akalichomeka panga ardhini, akajifunga kanga upya kiunoni, akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia:

"Amekuja na baba yake?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO